Namna ya Kujiandaa kwa Tathmini ya Umahiri Kazini: Njia ya Fundi Sanifu wa Dawa Kusajiliwa Uingereza

Nchini Uingereza mtu haruhusiwi kujiita fundi sanifu wa dawa mpaka jina lake liwe limeingizwa katika daftari la Baraza Kuu la Famasia, ambalo wengi hulitaja kwa kifupi chake, GPhC. Sharti hilo lilianza kutumika kikamilifu tarehe 1 Julai 2011 na linahusu England, Scotland na Wales, kwa kuwa Ireland ya Kaskazini ina chombo chake cha usajili. Mfamasia hufika kwenye daftari hilo baada ya kufaulu mtihani wa usajili, lakini fundi sanifu hana mtihani wa namna hiyo. Yeye hupimwa akiwa kazini, katika famasi ya mtaani, hospitalini au mahali pengine panapotolewa huduma za dawa, kwa kipindi kisichopungua miaka miwili, huku akisoma stashahada ya ngazi ya tatu iliyoidhinishwa. Mtanzania au Mkenya aliyewahi kufanya kazi ya famasi nyumbani akiwa na stashahada halali hapati usajili huu kwa kuonyesha cheti hicho peke yake, na kwa hiyo maelezo yafuatayo yanamhusu sawasawa na kijana aliyetoka shuleni.

Kosa linalowarudisha nyuma wanagenzi wengi ni kuichukulia tathmini hii kama insha ndefu ya kuandikwa mwishoni. Mtathmini hatafuti insha. Anatafuta uthibitisho kwamba jambo fulani unalifanya, unalifanya kwa usahihi, na unalifanya hata siku ambayo famasi imejaa watu na simu haiachi kulia.

Kusoma orodha ya umahiri kabla ya kukusanya chochote

Viwango vya elimu na mafunzo ya awali vilivyotolewa na GPhC mwaka 2017 vina matokeo 53 ambayo mwanagenzi lazima ayafikie, na yamegawanywa katika maeneo manne: huduma inayomjali mtu, mwenendo wa kitaaluma, maarifa na ujuzi wa kazi, na ushirikiano na wengine. Kila tokeo limewekewa kiwango kinachotokana na ngazi nne alizozieleza George Miller mwaka 1990: kujua, kujua namna, kuonyesha namna, na kutenda. Chapisha orodha hiyo, kisha pitia tokeo moja baada ya jingine ukiandika pembeni kiwango chake, kwa sababu kiwango ndicho kinachoamua aina ya ushahidi utakaokubaliwa. Tokeo linalodai ujue linaweza kuthibitishwa kwa jibu la maandishi. Tokeo linalodai utende haliwezi, hata uandike kurasa kumi zenye lugha ya kupendeza. Hapo ni lazima mtu akuone ukifanya, au kazi yenyewe iache alama inayoweza kukaguliwa.

Baada ya hapo keti na msimamizi wako, ambaye kwa kawaida ni mfamasia au fundi sanifu aliyesajiliwa, mtazame pamoja ni matokeo gani yanayopatikana katika kazi za kila siku za mahali penu na ni yapi hayapatikani kwa urahisi. Mwanagenzi wa famasi ya mtaani, kwa mfano, mara nyingi huhofia tokeo linalohusu kukusanya na kulinganisha taarifa za dawa za mgonjwa, akidhani kwamba hiyo ni kazi ya wodini. Si lazima iwe hivyo. Tangu Februari 2021 famasi za England zina wajibu wa kushughulikia taarifa za wagonjwa waliotoka hospitalini, na kulinganisha dawa alizoandikiwa mgonjwa wakati wa kuruhusiwa na zile alizokuwa akichukua kabla ya kulazwa ni kazi halisi ambayo unaweza kuiomba ushiriki chini ya usimamizi. Ombi hilo litoe mapema, kwa kuwa nafasi za aina hii huenda kwa aliyezitangulia.

Ushahidi wa aina mbalimbali

Aina yenye uzito kuliko zote ni kushuhudiwa kazini na mtathmini mwenyewe. Panga naye siku ambayo kazi itakuwa ya kawaida, na usiitayarishe kama maonyesho. Fanya kazi kwa kufuata taratibu andishi za mahali pako, na unapofika mahali penye uamuzi useme kwa sauti unachofikiri, kwa mfano kwamba unasubiri alama ya mfamasia inayoonyesha kuwa cheti cha daktari kimepitiwa kitabibu. Mtathmini hawezi kuandika kile kilichobaki kichwani mwako, na mwanagenzi mwenye uwezo mkubwa anayefanya kazi kimyakimya huondoka na ushahidi mdogo kuliko anavyostahili.

Pale ambapo mtathmini hakuwapo, taarifa ya shahidi hujaza pengo. Shahidi awe mtu anayeijua kazi hiyo na aliyeiona ikifanyika. Aandike tarehe, kazi yenyewe, hatua ulizochukua, na wadhifa wake pamoja na namba yake ya usajili kama anayo. Taarifa inayosema kwamba wewe ni mchapakazi na mwenye heshima ni ya kutia moyo, lakini haithibitishi umahiri wowote. Mwombe aandike siku hiyohiyo, na umpelekee tokeo husika ili ajue ni mambo gani ya kuyaeleza, ila usimwandikie maneno ili yeye atie saini tu, kwani jambo hilo linagusa uaminifu wako wa kitaaluma na mhakiki wa ndani, yaani anayekagua kazi ya mtathmini, huligundua kwa urahisi anapokuta mashahidi watatu wenye mtindo mmoja wa kuandika.

Nyaraka za kazi, kama vile kumbukumbu za joto la jokofu au fomu ya kuagiza dawa, nazo hukubaliwa. Hapa kuna sharti moja lisilo na mjadala: jina la mgonjwa, anwani, tarehe ya kuzaliwa na namba yake ya huduma ya afya visionekane popote katika jalada lako la ushahidi. Wengi hufuta jina kwa kalamu nyeusi na kusahau kwamba likiinuliwa kwenye mwanga linasomeka. Njia salama zaidi ni kuacha waraka mahali pake pa kazi, mtathmini akauona hapo, na jaladani ikaandikwa tu kwamba ameuona, lini na wapi.

Kuhakiki usahihi wa dawa zilizoandaliwa

Sehemu hii inastahili muda wako mwingi, kwa kuwa hapa ndipo makosa yanapomfikia mgonjwa. Utahitajika kuweka kumbukumbu ya dawa ulizozihakiki na ya makosa uliyoyanasa au kuyapitisha, kwa idadi na masharti ambayo mtoa kozi wako ameyaweka. Yasome masharti hayo kabla ya kuanza, hasa yanayoeleza nini hutokea ukipitisha kosa.

Anza kila mara na cheti cha daktari. Anayeanza na lebo, kisha akalinganisha lebo na boksi, anaweza kuona vitu viwili vinavyokubaliana kikamilifu ilhali vyote viwili havikubaliani na cheti. Soma jina la mgonjwa, jina la dawa, aina yake, nguvu yake, idadi na maelekezo. Ndipo uangalie lebo, ambayo lazima iwe na jina la mgonjwa, jina na anwani ya famasi, tarehe ya kutoa, jina la dawa, maelekezo na tahadhari zinazohusika. Fungua boksi. Boksi lililofunguliwa hapo awali linaweza kuwa na karatasi za vidonge vya nguvu mbili tofauti, na tarehe ya mwisho wa matumizi kwenye boksi inaweza isilingane na ya vidonge vilivyomo. Kamwe usihakiki dawa ulizoziandaa mwenyewe, kwa sababu jicho huona kile mkono ulichokusudia kukifanya.

Yapo majozi ya dawa ambayo kila famasi ya Uingereza inayajua kwa kuchanganywa: propranolol na prednisolone, amlodipine na amitriptyline, atenolol na allopurinol. Yapo pia mambo yanayohitaji usimame kabisa. Methotrexate inayotumika kwa ugonjwa wa baridi yabisi humezwa mara moja kwa wiki, na vidonge vyake vipo vya miligramu 2.5 na vya miligramu 10. Ukikuta maelekezo ya kila siku, au nguvu tofauti na aliyoizoea mgonjwa, kazi yako si kukisia bali ni kuizuia dawa na kumpelekea mfamasia. Uamuzi wa kusimamisha ni umahiri unaopimwa, na ukiandikwa vizuri unakuwa ushahidi wenye nguvu kuliko vyeti hamsini vilivyopita bila tatizo.

Mahojiano ya kitaaluma

Mtathmini akiona pengo ambalo kazi ya kawaida haikulijaza, ataitisha mahojiano yanayorekodiwa. Hayo si maswali ya kukariri. Fikiria swali hili: pregabalin imeletwa kwenye cheti, je, utaiandika katika rejesta ya dawa zinazodhibitiwa? Aliyekariri atajibu ndiyo, kwa sababu amesikia kuwa dawa hiyo inadhibitiwa. Aliyeelewa ataeleza kwamba pregabalin na gabapentin ziliingizwa katika Jedwali la 3 la kanuni za dawa zinazodhibitiwa mwezi Aprili 2019, kwamba cheti chake kinadumu siku 28 na idadi lazima iandikwe kwa maneno na kwa tarakimu, lakini kwamba rejesta inahusu dawa za Jedwali la 2 kama morphine na oxycodone. Kisha atamalizia kwa kusema angemwuliza nani kama angekuwa na shaka. Sehemu hiyo ya mwisho isiachwe, kwani kujua mpaka wa mamlaka yako kumo katika matokeo yenyewe, na wajibu wa mafundi sanifu unazidi kupanuka: tangu tarehe 26 Juni 2024 waliosajiliwa wanaruhusiwa kutoa dawa fulani chini ya maelekezo maalumu ya vikundi vya wagonjwa, bila cheti cha mgonjwa mmojammoja.

Jitayarishe kwa kuchagua matukio matatu au manne yaliyokutokea kazini ambayo kila moja linagusa matokeo kadhaa. Tukio moja la mgonjwa aliyelalamika kuhusu dawa iliyobadilishwa rangi linaweza kuthibitisha mawasiliano, usiri, utafutaji wa taarifa na rufaa kwa mfamasia kwa wakati mmoja, na hukuepusha na jalada nene lisilo na mpangilio.

Kuandika tafakuri kuhusu kosa

Kila famasi ina daftari la makosa yaliyonaswa kabla ya kumfikia mgonjwa, na tafakuri juu ya moja ya hayo ni karibu lazima. Tafakuri dhaifu huishia kwenye sentensi kama hii: “Nilijifunza umuhimu wa kuwa makini zaidi.” Mtathmini hana la kufanya nayo, kwa kuwa kila mtu huahidi umakini na hakuna anayeweza kuupima.

Tafakuri inayokubalika hueleza kwamba prednisolone ilichukuliwa badala ya propranolol. Kwamba maboksi ya dawa hizo yalikuwa ya kampuni moja, yenye rangi zinazofanana, yakikaa bega kwa bega kwenye rafu. Kwamba aliyeandaa alikuwa ameitwa kaunta katikati ya kazi. Kwamba kosa liliandikwa daftarini saa hiyohiyo na mfamasia akajulishwa. Kwamba dawa hizo zilitenganishwa na alama ya tahadhari ikabandikwa. Na kwamba baada ya wiki kadhaa daftari lilipitiwa tena ili kuona kama mkanganyiko huo umejirudia. Angalia kwamba karibu yote yaliyotajwa yanahusu mazingira ya kazi na hatua zilizofuata, si hisia za mwandishi. Hisia zina nafasi yake, lakini aya moja fupi inatosha.

Ukiambiwa kwamba tokeo fulani bado hujalifikia, omba maelezo ya maandishi yanayotaja kinachokosekana: je, ni aina ya ushahidi, idadi ya mara, au uelewa wenyewe? Majibu hayo matatu yana tiba tatu tofauti, na kurudi kukusanya karatasi zaidi wakati tatizo ni uelewa ni kupoteza miezi.

Maombi ya usajili

Stashahada ikikamilika na muda wa kazi ukitimia, maombi kwa GPhC ni suala la nyaraka: uthibitisho wa sifa, utambulisho uliothibitishwa, picha, ada, matamko kuhusu afya na mwenendo wako, na saini ya mtaalamu aliyesajiliwa aliyekusimamia. Tamko la mwenendo lijazwe kwa ukweli wote hata kama jambo lenyewe ni dogo na la zamani, kwani kuficha hutazamwa kwa ukali kuliko kilichofichwa. Ukiwa umebadilisha mahali pa kazi katikati ya mafunzo, pata uthibitisho wa msimamizi wa kwanza kabla hujaondoka. Kumtafuta baada ya mwaka mmoja na nusu, akiwa naye amehamia mji mwingine, huchelewesha watu ambao tayari wameshafaulu kila kitu.

Hifadhi pia mifano bora ya tafakuri zako, baada ya kuhakikisha haina taarifa za wagonjwa. Kila mwaka aliyesajiliwa huwasilisha kumbukumbu sita ili abaki daftarini: nne za kujiendeleza kitaaluma, moja ya mazungumzo na mwenzake wa taaluma, na moja ya tafakuri, nazo huandikwa kwa namna ileile uliyoizoea katika jalada.