Pima betri ikiwa kazini, si ikiwa imelala

Betri ya AA au AAA ya alkalaini iliyochoka inaweza kuonyesha volti 1.4 kwenye maltimita (kifaa cha kupimia umeme), kisha ikashindwa kuwasha tochi. Maltimita karibu haivuti mkondo wowote, kwa hiyo haioni ukinzani wa ndani, yaani jinsi betri yenyewe inavyozuia mkondo, ambao hupanda kadiri kemikali zinavyoisha. Dawa yake: shikiza rezista (kijisehemu cha kuzuia mkondo) ya omu 10, ya nusu wati inatosha, kwenye ncha mbili za betri, subiri sekunde 5, kisha soma volti rezista ikiwa bado ipo. Mkondo unakuwa kama miliampea 150, na ukinzani wa ndani hauna pa kujificha.

Ikibaki juu ya 1.4, betri ni nzuri. Kati ya 1.1 na 1.4, ipeleke kwenye saa ya ukutani au rimoti. Chini ya 1.1 iondoe, na hasa usiichanganye na nzima: ile yenye nguvu itaendelea kusukuma mkondo kupitia iliyoisha, mpaka iliyoisha igeuke chaji (chanya iwe hasi) na kuvuja, na majimaji yake hula vibati vya kifaa.

Kipimo hiki hakifai kwa betri za NiMH za kuchajiwa. Hizo hukaa karibu na volti 1.2 kwa sehemu kubwa ya chaji, kwa hiyo namba haikuambii kilichobaki. Betri bapa ya CR2032 nayo omu 10 huiumiza. Tumia omu 1,000.