Kuhamisha simu kwenda IPv6: APN, vipimo, na mahali mambo yanapokwama

Unapowasha data, simu inaomba anwani ya aina fulani, na mtandao wa kampuni ya simu unakubali, unakataa, au unatoa nusu ya kilichoombwa. Kwa mtumiaji au fundi, kuhamia IPv6, yaani mfumo mpya wa anwani za intaneti unaorithi IPv4, ni kuhakikisha ombi hilo limekaa sawa kwenye APN (mipangilio inayoiunganisha simu na intaneti ya kampuni), kisha kupima kilichorudi. Mengine yote yako mikononi mwa kampuni ya simu.

Sababu ya kuhangaika ipo. IPv4 ina biti 32, yaani anwani kama bilioni 4.3 kwa dunia nzima. Ghala kuu la IANA, msimamizi wa anwani za intaneti duniani, lilikauka Februari 2011, na AFRINIC, inayogawa anwani barani Afrika, ilianza kubana mgao mwaka 2017. Ndiyo maana leo maelfu ya simu hujibanza nyuma ya anwani moja ya umma. Ukikuta simu yako ina anwani inayoanza na 10, au iliyo kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, uko nyuma ya kibadilishi cha anwani, mtambo unaowatoa wengi nje kwa anwani moja. Jirani yako kwenye anwani hiyo akifanya fujo kwenye tovuti, unaweza kufungiwa pamoja naye. IPv6 ina biti 128, na kwenye mtandao wa simu kila muunganisho hupewa kundi lake zima la anwani, linaloandikwa /64.

Angalia kwanza, usiguse kitu

Zima Wi-Fi, bakiza data peke yake. Ingia Mipangilio, kisha Kuhusu simu, utafute anwani ya IP. Kwenye baadhi ya simu imewekwa ndani ya Hali. Anwani inayoanza na fe80 haihesabiki, maana hiyo simu hujitengenezea yenyewe na haitoki nje. Unayoitafuta huanza na 2 au 3. Kwenye laini za Afrika mara nyingi utaona 2c0f au 2c0e, kwa kuwa AFRINIC inagawa kutoka fungu la 2c00::/12. Halafu fungua test-ipv6.com kwenye kivinjari. Ikisema IPv6 inafanya kazi, kazi imekwisha. APN iache ilivyo.

Kubadilisha kwenye Android

Piga kwanza picha ya skrini ya mipangilio yote ya APN. Ukikosea, picha hiyo ndiyo itakayokurudisha.

1. Fungua Mipangilio, nenda kwenye mtandao wa simu, chagua laini, kisha APN. Simu ya laini mbili ina orodha mbili, kwa hiyo hakikisha unashughulikia laini inayobeba data.
2. Gusa APN yenye alama ya kuchaguliwa. Ile ya aina ya ims iache kabisa. Hiyo ndiyo hubeba simu za sauti za 4G.
3. Kwenye itifaki ya APN, badilisha IPv4 iwe IPv4/IPv6.
4. Itifaki ya kutumia mitandao ya nje ya nchi ibaki IPv4. Baadhi ya mitandao ya wenyeji hukataa ombi la aina mbili, na msafiri hubaki bila data akiwa mpakani au uwanja wa ndege.
5. Hifadhi kwa menyu ya vitone vitatu. Kwenye baadhi ya simu, kurudi nyuma bila kuhifadhi hufuta ulichobadilisha.
6. Washa hali ya ndegeni kwa sekunde kama kumi, zima, kisha pima tena.

Jina la APN, jina la mtumiaji, nenosiri, MCC na MNC usivibadilishe. MNC ni namba ya kampuni ya simu, na MCC ni namba ya nchi, 640 kwa Tanzania, 639 kwa Kenya, 641 kwa Uganda. Ukiikosea, APN haitaonekana kwenye orodha hata kama umeihifadhi. Kama mistari imefifia na haishikiki, ongeza APN mpya kwa alama ya kujumlisha, nakili kila kitu kutoka kwenye picha yako, na ubadilishe itifaki peke yake.

Ukiharibu, usitaharuki. Kupiga simu, SMS na menyu za pesa kama *150*00# au *334# hazipiti kwenye APN hii ya intaneti. Programu za pesa ndizo zitakazosimama mpaka data irudi.

Kwenye iPhone mtumiaji hana mstari huo. Aina ya anwani huja ndani ya faili ya mipangilio ya kampuni ya simu. Sasisha iOS, kisha fungua ukurasa wa Kuhusu ndani ya mipangilio ya jumla usubiri kidogo. Kama kuna faili mpya, simu itakuuliza.

Kwa nini tusichague IPv6 peke yake

Hapa ndipo wengi huumia. Ukiomba IPv4/IPv6 na mtandao una IPv4 tu, unapewa IPv4 na msimbo wa 50 (maana yake IPv4 pekee inaruhusiwa), na simu inaendelea bila wewe kujua. Ukiomba IPv6 tupu kwenye mtandao huohuo, unakataliwa na data haiwaki kabisa. Ombi la aina mbili halikupotezei kitu ukiwa nyumbani.

IPv6 peke yake inafaa pale kampuni ya simu imejenga NAT64, mtambo unaogeuza pakiti (vipande vya data) za IPv6 kuwa IPv4 kwa ajili ya tovuti za zamani. DNS64, aina ya DNS (huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani), huusaidia kwa kubuni anwani ya IPv6, mara nyingi ikianza na 64:ff9b::, kwa kila tovuti isiyo nayo. Jozi hiyo ina tundu moja: programu iliyoandikiwa namba ya IPv4 moja kwa moja haiulizi DNS, kwa hiyo haipati chochote. Tundu hilo lilizibwa na 464XLAT mwaka 2013. Simu hujifanya ina IPv4 kwa ndani, hugeuza pakiti kuwa IPv6, na NAT64 huzigeuza tena huko mbele. Android inayo tangu toleo la 4.3. T-Mobile ya Marekani iliitumia mapema kuendesha simu za IPv6 tupu.

Kama una kompyuta na adb (programu ya kuiamuru Android kutoka kompyuta), endesha adb shell ip addr. Ukiona kiolesura kinachoanza na v4-, mfano v4-rmnet_data0, chenye anwani 192.0.0.4, 464XLAT iko kazini.

Hitilafu zinazojirudia

Kurasa ndogo zinafunguka lakini picha kubwa zinaganda: shaka iwe juu ya ukubwa wa pakiti. Kichwa cha IPv6 ni baiti 40, cha IPv4 ni 20, kwa hiyo ugeuzaji huongeza baiti 20. Ukuta wa moto ukizuia ujumbe wa ICMPv6 unaosema pakiti ni kubwa mno, mtumaji hajui apunguze. Hilo si la simu, liripoti.

VPN ya zamani inayobeba IPv4 pekee inaweza kuacha IPv6 ipite nje yake, na tovuti ikaona anwani yako halisi. Washa VPN, rudia kipimo, na kama 2c0f yako bado inaonekana, tafuta VPN nyingine. Tunalihimiza hili kwa waandishi wa habari hasa.

DNS binafsi uliyojiwekea huenda haina DNS64. Kama tovuti za zamani hazifunguki, irudishe kuwa otomatiki kabla ya kulaumu APN.

Kwenye Wi-Fi ya ofisi kosa kubwa ni moja: mtaalamu anawasha DHCPv6 tu (huduma ya seva inayogawa anwani), kompyuta zinapata anwani, simu za Android hazipati. Android haichukui anwani yake kwa njia hiyo. Ruta itangaze kiambishi cha /64 kwa SLAAC (njia ya kifaa kujitengenezea anwani kutoka kiambishi hicho), pamoja na seva za DNS ndani ya tangazo hilohilo.

Kwa wanaotengeneza programu: Apple inadai tangu tarehe 1 Juni 2016 kwamba programu zifanye kazi kwenye mtandao wa IPv6 tupu. Tumia majina ya seva, si namba. Safu ya kuhifadhi anwani kwenye hifadhidata iwe na nafasi ya herufi 45, si 15. Na mfumo unaomfungia mtumiaji baada ya kukosea nenosiri uhesabu /64 nzima, kwa sababu simu moja inaweza kubadilisha anwani ndani yake muda wowote.

Ukimwandikia mtoa huduma, usiseme tu "intaneti haifanyi kazi". Andika aina ya simu na toleo la mfumo, itifaki uliyoweka, saa na eneo, kama ulikuwa 3G, 4G au 5G, na uambatanishe picha ya matokeo ya kipimo. Omba tiketi ipelekwe kwa wahandisi wa mtandao wa data, na uulize swali moja lililo wazi: je, APN hii inaruhusu IPv4/IPv6 kwa laini yangu?