SOMO: Fulu, dimu na kupiga taa. Mkono mmoja, kazi tatu

Wakuu, ukitoka Usagara kuelekea Misungwi baada ya saa moja jioni, utakutana na mtu anakuja na fulu, yaani taa za mbali, badala ya dimu, taa za karibu. Unampigia taa. Naye anakupigia, kisha anarudi palepale kwenye fulu. Wengine si kiburi. Hawajui taa yao iko fulu au dimu. Basi leo tuushike mkono wa taa wenyewe, ule wa pembeni ya usukani. Nitakaa zaidi kwenye kupiga taa, maana wengi wanaijua kama salamu ya barabarani tu, wakati ni kipimo cha bure cha taa zako kabla hujampa fundi umeme hela.

Magari ya Kijapani mkono huu uko kulia kwa usukani. Yaliyotoka Ulaya uko kushoto, ndiyo maana mtu akihama kutoka IST kwenda Golf anawasha waipa akitafuta indiketa.

Hatua ya 1: Dimu. Giza likishaingia, simamisha gari sehemu tambarare mbele ya ukuta. Weka funguo ON, zungusha ncha ya mkono: kwanza parking (taa ndogo), kisha taa kubwa. Mkono ukiwa katikati hapo uko dimu. Tazama ukutani: mwanga umekatika juu kwa mstari, na upande wa kushoto umepanda kidogo. Hilo ni la makusudi. Tunaendesha kushoto, kwa hiyo mwanga unapelekwa ukingoni wanakopita waenda kwa miguu na baiskeli, si machoni mwa anayekuja. Gari lililotengenezwa kwa nchi wanazoendesha kulia hupanda upande wa pili, na linamchoma mwenzako hata likiwa dimu.

Hatua ya 2: Fulu. Sukuma mkono mbele, upande wa kioo, mpaka ushike. Kwenye dashibodi inawaka taa ya bluu. Bluu hiyo yenye alama ya taa ni ya fulu tu. Ukiiona na mbele yako kuna gari, umeshachelewa.

Kama balbu yako ina pini tatu nyuma, mara nyingi hiyo ni H4, na ndani ina filamenti (nyuzi zinazowaka) mbili: wati 60 ya fulu na wati 55 ya dimu. Tofauti ni wati 5 tu! Siri iko kwenye kikombe kidogo cha chuma kilichowekwa chini ya filamenti ya dimu. Kinazuia mwanga usipige nusu ya chini ya bakuli la taa (lile linalong'aa na kurusha mwanga mbele), na ndicho kinachochora ule mstari ukutani. Filamenti ya fulu haina kikombe, inatumia bakuli zima. Magari mengine yana balbu mbili tofauti kila upande, na baadhi ya yale ya lenzi ya duara yana kipazia ndani kinachoshuka ukiweka fulu.

Hatua ya 3: Kupiga taa. Zima taa zote. Sasa vuta mkono kuja kwako. Fulu inawaka, ukiachia, springi inaurudisha na taa inazima. Imewakaje wakati swichi ya taa imezimwa? Ni kwa sababu kupiga taa kuna pointi zake (vibati vinavyogusana kupitisha umeme) ndani ya mkono, haisubiri swichi kuu. Magari mengine hupiga hata funguo ikiwa mfukoni, mengine mpaka ON. Yote ni kawaida.

Hatua ya 4: Pima. Hapa ndipo penye faida.

Ukivuta inawaka, lakini ukiwasha taa na kusukuma fulu haishiki: balbu ni nzima, fyuzi ni nzima. Tatizo liko kwenye pointi za mkono. Usikubali kuuziwa balbu.

Ukivuta haiwaki, ukisukuma haiwaki, lakini dimu ipo pande zote: anza na fyuzi na rilei (swichi inayowashwa kwa umeme) za fulu kama gari lako linazo peke yake, kisha toa balbu utazame filamenti. Za fulu zinaweza kuwa zimekatika zote, moja mwaka jana na nyingine jana, mwenyewe huna habari.

Upande mmoja umekufa dimu na fulu pamoja: tazama fyuzi ya upande huo, maana Toyota nyingi zina fyuzi ya kulia na ya kushoto mbalimbali. Ikiwa nzima, chomoa soketi ya balbu uone kama imeungua.

Neno kwa mafundi wachanga: Toyota nyingi za H4 swichi inakata eathi (hasi), si chaji (chanya). Pini ya pamoja ndiyo yenye chaji. Ukipima kwa mazoea ya magari ya Ulaya utakata waya usio na kosa lolote.

Barabarani. Dimu inakuonyesha kama mita 50 hivi. Kwenye 80 km/h unakula mita 22 kila sekunde, na mpaka gari lisimame kwenye lami kavu unahitaji kama mita 53. Kwa hiyo kule Magu hadi Lamadi, kwenye ng'ombe na baiskeli zisizo na rifleta, fulu ni haki yako barabara ikiwa tupu. Akitokea mtu mbele, dimu. Ukiwa nyuma ya mtu, dimu pia, unampofusha kupitia vioo vyake. Mvua kubwa, dimu, maana matone yanakurudishia mwanga. Na ukipigiwa taa usidhani umeambiwa "pita". Mmoja anamaanisha pita, mwingine anamaanisha napita mimi. Chukulia anasema "nipo hapa", basi.

MASWALI YA WANACHAMA

Dereva wa Probox, Kirumba: Nikipakia dagaa Mwaloni usiku, wote wananipigia taa na niko dimu. Nifanyeje?

Jibu: Mzigo umekandamiza nyuma, pua imenyanyuka, na mstari wako wa dimu umepanda machoni mwao. Tafuta karibu na usukani kidude cha kuzungusha chenye namba kuanzia 0. Ukiongeza namba, taa zinashuka. Gari likiwa tupu rudisha 0. Kama huna kidude hicho, sogeza mzigo mbele. Kwa kupima: umbali wa mita 10 toka ukutani, mstari uwe chini ya kimo cha taa yako kwa kama sentimita 10.

Mwanachama wa Nyegezi: Mkuu, nimefunga LED kwenye H4. Nyeupe safi, lakini bluu ya dashibodi haiwaki tena nikiweka fulu.

Jibu: Ni ile habari ya eathi. Kwenye mfumo huo taa ya bluu inategemea umeme unaopita kwenye filamenti, na LED haina filamenti. Kuna waya za kuongezea za kutibu hilo. Ila tazama ukutani kwanza: kama mstari umepotea, hizo LED hazikukaa mahali pa filamenti, na unachoma watu. Mimi ningezirudisha dukani.

Dada mwenye Harrier, Capri Point: Taa yangu inaweka fulu yenyewe, lakini siku nyingine inang'ang'ania dimu hata njia ikiwa tupu.

Jibu: Dada, hiyo ni fulu ya kujiendesha, inatumia kamera iliyo nyuma ya kioo cha mbele. Mwendo mdogo wa mjini haiweki fulu kabisa. Wale wadudu wa ziwani wakigandamana kwenye kioo, kamera haioni vizuri. Safisha kioo sehemu ya juu, karibu na kioo cha kutazamia nyuma.

Bodaboda, Igoma: Yangu ikiwa sailensa (injini inaunguruma bila kuvuta mafuta) taa inafifia, nikivuta mafuta inang'aa. Betri imekufa?

Jibu: Si lazima, kaka. Pikipiki nyingi ndogo taa ya mbele inakula umeme wa injini moja kwa moja, si wa betri. Injini ikilala, taa nayo inalala. Piga honi injini ikiwa imezimwa. Ikilia vizuri, betri ipo.

Mwanachama wa Kisesa: Nifunge balbu za wati 100 nione mbali?

Jibu: Za wati 60 mbili zinakula ampea 10 kwenye volti 12. Za 100 mbili zinakula karibu 17, kwa waya zilezile na soketi zilezile, utaziunguza. Kama vioo vya taa zako vimegeuka njano, visafishe kwanza, na ukiweka balbu mpya usiguse kioo chake kwa vidole vyenye mafuta.