Simbilisi jike akinyonyoka manyoya mbavuni

Wafugaji wengi wa simbilisi (guinea pig), ambao wenzetu wa Kivu huwaita dende, wakiona manyoya yananyonyoka hukimbilia sindano ya utitiri. Kama ni jike aliyevuka mwaka mmoja na nusu, mkague vizuri kwanza. Mara nyingi shida iko kwenye ovari: vifuko vya maji ambavyo vingine humwaga homoni ya kike kupita kiasi.

Mpakate, upekue manyoya taratibu. Homoni hunyonyoa mbavu zote mbili sawasawa, na ngozi inabaki laini, haina vidonda wala ukoko. Hajikuni. Chuchu huweza kuvimba na kufanya magamba, na tumbo likajaa. Mwenye utitiri hujikuna mpaka anatoka damu. Akizidiwa hushikwa na degedege. Mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, kwa kawaida huanzia usoni, puani na kuzunguka macho. Jike mwenye mimba kubwa naye hupukutika mbavuni, na mimba huchukua siku 59 hadi 72, kwa hiyo kumbuka kama alikaa na dume.

Tafadhali usimbinye tumbo kutafuta uvimbe, maana kifuko huweza kupasuka. Mpeleke kwa daktari wa mifugo mwenye mashine ya ultrasound. Vifuko visivyotoa homoni havisikii sindano za homoni. Tiba ya kudumu ni kutoa ovari kwa upasuaji.

Kuna na yule mzee, miaka 3 na zaidi, anayekula kwa pupa huku anakonda. Huyo ashukiwe tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi: daktari hupapasa koo na kupima kiwango cha T4, homoni ya tezi hiyo, kwenye damu. Mwenye meno mabovu ni tofauti, husogelea majani kisha akayaacha. Kukonda huku hakuonekani kwa macho kwa sababu ya manyoya, ndiyo maana nasisitiza mizani ya jikoni kila wiki, na daftari. Vitamini C nayo isikosekane, miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kila siku, kwani mwili wake hauitengenezi.

Na wakati unasubiri daktari, usimnyweshe amoksilini iliyobaki nyumbani. Dawa za jamii ya penisilini huua bakteria wazuri wa utumbo wake, na simbilisi huweza kufa ndani ya siku chache.