Kukagua na Kutunza Gari la Mkononi Mjini Tanga

Anayenunua gari dogo la familia la mkononi mjini Tanga aanze uvunguni, si kwenye rangi, kwa sababu hewa ya chumvi itokayo baharini hula chuma taratibu, hasa kwa gari lililolala nje miaka mingi maeneo kama Raskazone. Inua zulia la buti, toa tairi la akiba, kisha gonga bati la sakafu na kingo za milango. Rangi iliyovimba mara nyingi huficha kutu, na rangi mbichi chini ya gari kuukuu, kwa maoni yangu, inatia shaka zaidi kuliko kutu yenyewe.

Injini iwashwe ikiwa imepoa. Muuzaji aliyekwisha kuipasha moto aombwe miadi nyingine. Moshi wa buluu usiokoma huonyesha kwamba oili inaungua, na oili yenye rangi ya maziwa huashiria kuwa imechanganyika na maji.

Namba ya chesisi ilingane na ya kadi ya usajili wa gari, na faini za barabarani zilipwe kabla ya kubadilisha umiliki kwenye Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA). Ukishalimiliki, osha uvungu mara kwa mara kwa maji yasiyo na chumvi, na rejeta uitie kulanti, yaani kimiminika cha kupoza injini kinachozuia kutu, badala ya maji ya bomba.