Jinsi ya kuoanisha data za stresi kazini na za uzee wa seli bila kufungisha ndoa feki

Kama una faili mbili, moja ina majibu ya dodoso la stresi kazini, nyingine imetoka maabara na vipimo vya telomea, halafu mkuu wa utafiti kakwambia "ziunganishe tu", kaa kwanza unywe maji, maana hiyo "tu" ndo inayowaponza watu. Kuoanisha data ni kuozesha kweli kabisa. Ukimpa mtu mwenzi asiye wake (yaani majibu yake ukayaunganisha na vipimo vya mtu mwingine) hakuna atakayelalamika, jedwali litakaa vizuri tu, namba zitapendeza, na utakuja kushtuka baada ya miaka au usishtuke kabisa.

Telomea kwa haraka: ni ncha za kromosomu (nyuzi za DNA ndani ya seli), herufi za DNA TTAGGG zinajirudia maelfu ya mara, seli ikigawanyika zinapungua kidogo, zikipungua sana seli inagoma kugawanyika (huko kugoma Leonard Hayflick alikuona tangu 1961). Wanasayansi Blackburn, Greider na Szostak wakapewa Nobel 2009 kwa kazi ya telomea. Kabla ya hapo, 2004, Elissa Epel na Blackburn na wenzao walipima akina mama 58, wengi wao wanauguza watoto wenye maradhi ya kudumu, na wale waliojiona wameelemewa zaidi walikuwa na telomea fupi kama za watu waliowazidi umri kwa miaka kumi au zaidi. Ndo watu wakaanza kuuliza, na stresi ya kazini je?

Ila iangalie hiyo 58. Ukichanganya watu sita tu hapo, ushavuruga asilimia 10 ya utafiti mzima.

Na ukienda kwa wafanyakazi wa kawaida uhusiano unaotafuta ni mdogo sana. Tuseme kiukweli ni 0.10, kwenye kipimo ambacho 0 ni hakuna uhusiano na 1 ni uhusiano kamili. Kama asilimia 20 ya jozi zako ni feki, utapima kama 0.08. Unaona si kitu eh? Sasa ili uione 0.10 kwa uwezekano wa asilimia 80 unahitaji watu karibu 780, lakini 0.08 inataka zaidi ya 1,200. Yaani jozi feki zimekula watu mia nne na ushee, wamechomwa sindano, wametoa damu, bure. Ndo maana mimi siku zote nasema bora mtu abaki mseja (bila jozi) kuliko kuozeshwa feki.

Kuanza: faili za asili zifungie, usizifanyie kazi, fanyia nakala. Halafu namba za washiriki zisomwe kama maandishi, sio kama namba, kwasababu programu za majedwali zinapenda kufuta sifuri za mbele, 0072 inakuwa 72, na upande wa pili maabara wameandika 0072, basi hamkutani tena. Na tafadhali usipange safu moja peke yake. Mimi nilishawahi kubofya kupanga umri toka mdogo kwenda mkubwa, safu zingine zikabaki palepale, nikafanya uchambuzi wiki mbili nzima, kilichonistua ni kuona mtu wa miaka 24 ana miaka 30 kazini.

Kama faili zote mbili zina namba moja ya kuaminika, umemaliza nusu, ila bado linganisha na tarehe ya kuzaliwa na jinsia. Kama hamna, unaingia kwenye kuoanisha kwa uwezekano, hesabu ambayo wanatakwimu Fellegi na Sunter waliiandika 1969 na mpaka leo programu nyingi zinaifuata. Wazo lenyewe ni rahisi: kila kitu kinachofanana kina uzito wake kutegemea ni mara ngapi kingefanana kwa bahati tu. Jinsia inafanana kwa bahati nusu ya mara, kwahiyo ikifanana inakupa kama pointi 1, lakini ikipishana inakunyang'anya zaidi ya 5. Mwezi wa kuzaliwa ukifanana unapata kama 3.5. Tarehe kamili ya kuzaliwa inakupa kama 13. Unajumlisha, jozi yenye jumla kubwa unaikubali, yenye jumla ndogo unaitupa, za katikati unakaa nazo moja moja kwa macho.

Hizo za katikati ndo kazi yenyewe. Upande mmoja unakuta Mohamed Salim amezaliwa 03/04/1981, upande mwingine Muhammad Salim amezaliwa 04/03/1981. Mtu mmoja? Inawezekana sana, siku na mwezi vimegeuzwa. Ila ukimkuta mwingine wa 01/01 kuwa makini, hiyo mara nyingi ni tarehe ya mtu asiyejua tarehe yake au karani aliyechoka, kwahiyo watu wawili kufanana 01/01 sio ushahidi wa maana. Ishushe uzito.

Usilinganishe kila mtu na kila mtu, watu 2,000 kwa 2,000 ni jozi milioni 4. Gawa mafungu kwanza, mfano kwa mwaka wa kuzaliwa, halafu rudia mara ya pili kwa fungu lingine, tuseme kituo cha kazi, ili aliyekosewa mwaka asipotelee hapo.

Siri za watu sasa. Anayeoanisha asione majibu ya stresi wala telomea, aone majina na tarehe tu, anayechambua asione majina, na mwajiri asione chochote. Ukibadilisha majina kuwa msimbo tumia ufunguo wa siri, maana tarehe zote za kuzaliwa za miaka mia hazifiki elfu 37, mtu anazijaribu zote kabla chai haijapoa.

Kingine ni muda. Dodoso la stresi la Cohen la 1983 linauliza kuhusu mwezi uliopita, telomea zinapungua kwa miaka. Mtu akijaza mwezi huu na damu yake ilitolewa miaka minne nyuma, hiyo ndoa ni halali kwa majina lakini haina maana, damu imetangulia stresi. Hifadhi tarehe zote mbili, tengeneza safu ya tofauti ya siku, na uamue kikomo kabla hujaona matokeo. Wenye stresi na wasio nayo wachanganywe kwenye kila pleti ya maabara pia (kibao chenye vishimo vya kupimia sampuli nyingi kwa pamoja), la sivyo utakuwa unapima tofauti za pleti, sio za watu.

Ukishamaliza kuoanisha, iachie biolojia ikukague. Kama maabara ina data za kromosomu Y (ile ya wanaume), linganisha na jinsia ya kwenye dodoso. Angalia umri pia: telomea hufupika na umri, na saa ya epijenetiki ya Steve Horvath ya 2013, inayokadiria umri kwa kusoma alama za kikemikali kwenye sehemu 353 za DNA, inafuatana na umri kwa karibu zaidi. Ukiona hakuna uhusiano na umri kabisa, au pleti nzima imepishana, kuna tyubu zimegeuzwa. Lakini usimfute mtu mmoja eti ana miaka 35 na seli zinasoma 50! Huyo ndo uliyekuwa unamtafuta.

Mwisho wahesabu waseja na ulize ni akina nani. Wanawake waliobadili jina baada ya ndoa (ndoa ya kweli hiyo) hupotea zaidi, na waliokimbia kazi kwa sababu ya stresi hupotea kabla hata hawajatoa damu. Weka wastani wa stresi wa waliooana na wa waliobaki kwenye jedwali moja, halafu rudia uchambuzi wote mara tatu, kwa kikomo cha kukubali jozi kikali, cha kati na legevu, na uandike majibu yote matatu hata kama moja tu ndo linalompendeza mkuu.