Pilau ya sikukuu: iliki nunua, zafarani achana nayo
Sikukuu ikikaribia bei ya nyama na viungo inapaa tu, so viungo nunueni mapema, haviozi. Na msinunue masala ya pilau yaliyosagwa tayari, chukua vizima, iliki, mdalasini, karafuu, binzari nyembamba, pilipili manga, vikaange vikavu kidogo halafu twanga mwenyewe, harufu inakuwa kali kwahiyo unatumia kidogo. Iliki ni ghali kweli ila usiibanie, punje chache zinatosha sufuria zima na maganda unatia kwenye chai. Zafarani sasa! Kila ua lina nyuzi tatu tu na zinachumwa kwa mkono, ndo maana bei haishikiki, na kwenye pilau haina kazi kabisa, rangi inatoka kwenye vitunguu ukivikaanga mpaka viwe kahawia (msiviunguze jamani, pilau inakuwa chungu). Kwa biriani weka manjano kidogo, wageni hawaulizi. Basmati nayo sio lazima, mchele wa Kyela unanukia wenyewe, punguza maji tu. Hela inayobaki ongezea nyama yenye mifupa, supu yake ndo upikie wali.